Kioo Kilichoishia Mia Tano Hamsini

Juzi kijana wangu wa dukani alirudi kutoka Lubao na gunia la vyuma chakavu, na ndani yake mlikuwa na redio. Si hizi za sasa za plastiki zinazobwata kabla hujaziwasha. Ilikuwa ya zamani, yenye kifuko cha ngozi chenye vitundu mbele, mkanda wa kuitundika begani, na kioo kirefu chenye namba. Nikaifungua mgongo. Harufu iliyotoka humo, ya ngozi iliyolowa ikakauka na ya betri zilizovuja zikaota unga mweupe, ilinikalisha juu ya kreti ya soda mbele ya wateja, mimi mtu mzima na tumbo langu hili. Kijana akaniuliza, "Mzee, unaumwa?" Nikamwambia aende akauze.

Nakuandikia wewe uliyezaliwa miaka yangu, maana wewe hutaniuliza redio ya mita ni kitu gani. Lakini kwanza unijue. Shule niliiachia darasa la sita na sioni haya kusema. Leo hii, mlingoti wowote wa antena unaouona kuanzia Amalemba mpaka Iguhu, kama umesimama wima na upepo wa mvua umeushindwa, uliza ni nani aliyeusimamisha. Redio za kuitana kwenye matrekta ya miwa nilizifunga mimi. Antena za stesheni za watu wa kanisa nilizikata mimi kwa msumeno wangu, kalamu nimeiweka sikioni kwa urembo tu, kwa sababu hesabu yenyewe naifanya kichwani. Nitajie namba ya stesheni, na kabla hujafunga mdomo nimeshakwambia wimbi lake lina urefu wa mita ngapi. Kwa hesabu hiyo moja nimejenga ghorofa, na watoto wangu wamesoma mpaka wamechoka kusoma. Watu huniuliza niliipata chuo gani, nami huwajibu, "Barabarani." Hucheka, wakidhani najisifu. Najisifu ndiyo, lakini hapo sidanganyi. Niliipata barabarani, nje ya lango la kwetu, kwa mtu ambaye alikuwa tayari amezikwa.

Kwetu ni mbele ya Lubao kidogo, hapa Kakamega. Wakati ule sukari ilikuwa imeingia watu kichwani kama pombe. Watu waling'oa mahindi, wakang'oa mihogo, wakafukuza ng'ombe na kondoo malishoni, wakapanda miwa mpaka chini ya madirisha. Ulikuwa ukitoka mlangoni, unaingia kwenye miwa. Jioni shamba la mtu lilipochomwa ili likatwe asubuhi, majivu meusi yalikuwa yanaelea hewani na kutua juu ya obusuma, ugali wetu, nasi tulikula hivyo hivyo, tukiambiwa kwamba hayo majivu ndiyo karo na ndiyo mabati.

Baba alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha sukari huko Uganda, upande wa Jinja. Tulimwona Krismasi na wakati mwingine Pasaka. Kiwanda cha huku kwetu kilipoanza kupanuliwa walimwahidi kazi, na kwa furaha akapanda shamba lote miwa na kuweka sahihi na kampuni. Halafu akarudi ng'ambo kufanya jambo moja tu, kuleta sanduku la spana zake. Nakumbuka alivyosema langoni, akivuta soksi: "Naenda kuchukua vyuma vyangu. Mwanamume harudi nyumbani bila vyuma vyake."

Redio alituachia. Kioo chake kilikuwa na namba za mita, kutoka mia mbili upande wa kulia mpaka mia tano hamsini upande wa kushoto. Kwenye mia tatu baba alikuwa ameweka tone la rangi nyekundu, ile ya kupaka mabomba ya kiwandani. Alimwambia mama, "Mama Ayuma, mshale ukikaa hapa kwenye rangi, unanipata mimi huko niliko. Usiusogeze." Mama hakuwahi kuketi darasani hata siku moja. Hakuusogeza. Alikuwa akiifuta redio vumbi kwa ncha ya leso, akikwepa ile rangi kama mtu anayekwepa kidonda.

Mimi nilikuwa na elimu yangu. Shuleni tulikuwa na fimbo ya mita, na mwalimu alikuwa ametutembeza nayo tukapima mita mia tatu, zikafika mtoni. Kwa hiyo nilijua pasipo shaka kwamba Uganda iko mtoni, ng'ambo ya yale matete, na kwamba baba akiamua kupaza sauti tunaweza kumsikia hata bila betri. Nilikwenda mara nyingi kumsikiliza. Niliwasikia vyura.

Kisha vita vikaingia Uganda. Sitaki kuvisimulia, wewe mwenyewe unakumbuka wakimbizi waliolala kwenye veranda za maduka. Spana hazikuja, na mwenye spana hakuja. Risasi zilipotulia, redio ya ng'ambo, ile ya kwenye rangi nyekundu, ilianza kusoma majina kila alasiri: fulani, mtoto wa fulani, wa mahali fulani, yuko hospitali fulani au kambi fulani, jamaa zake wamfuate. Jirani yetu Mama Khavere alisikia jina la mwanawe hivyo hivyo, kwenye redio yetu, akiwa ameketi juu ya kinu chetu. Kijana alirudi na mguu mmoja, lakini alirudi. Tangu siku ile mama alipanga maisha yake yote kuzunguka alasiri. Betri zilikuwa zikichoka, basi asubuhi tulizitoa na kuzianika juani juu ya paa pamoja na mahindi, alasiri tukazirudisha. Hakuwasha kwa nyimbo wala kwa habari. Aliwasha kwa majina tu, na majina yakiisha, alizima.

Baba mdogo wangu, Lumbasi, hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu ukinisikiliza vibaya utamchukia. Yeye na baba walinyonya ziwa moja. Lakini miwa ilikuwa imekomaa, na kampuni haikuleta trekta ila kwa mwenye sahihi au kwa mrithi wa mwenye sahihi. Muwa ukipitiliza unakauka ndani, unabaki kuni. Ndipo wazee wakaja nyumbani wakiongozwa na Kuka Ingosi, ndugu mkubwa wa babu yetu, mzee mkavu aliyekuwa akizungumza na ardhi badala ya watu.

"Mama Ayuma," alisema Kuka, "mtu akipotea na mwili wake usionekane, tunafanyanga nini?"

"Najua mnachofanyanga," mama akajibu.

"Tunazika mgomba. Roho yake inapata mahali pa kulala. Shamba linapata mtu. Na wewe unapata mtu wa kukutazama."

"Wa kunitazama nani?"

Baba mdogo alikuwa akichora chini kwa kidole cha mguu. "Mulamwa," akasema, maana ndivyo shemeji anavyoitwa kwetu, "mimi sikutafuta hili jambo."

"Basi usilikute," mama akamwambia. "Huyo mtu hajafa. Redio itamtaja. Nipeni mpaka wakataji wafike shamba la jirani yetu. Wakifika hapo na jina lake halijasomwa, nitawaachia mchimbe. Lakini msije kabla."

Kuka Ingosi alifikiri, akakubali. Mkataba ukawa huo. Nyumba yetu nzima, mama awe mke wa baba au wa mdogo wake, shamba liwe letu au la kutazamiwa, ikaning'inia kwenye lile tone la rangi nyekundu.

Wakataji walikuwa mbali bado, shamba la nne au la tano kutoka kwetu, redio ilipotangaza kwamba inahama. Mtangazaji alisema kwa Kiswahili kizuri, bila haraka: kuanzia kesho tutafuteni kwenye kilohezi elfu moja na mia mbili. Alirudia. Mama aliniambia, "Wewe mwenye shule, shika hiyo namba." Niliishika. Niliisema njiani nikienda kuteka maji na nikirudi, elfu moja na mia mbili, elfu moja na mia mbili.

Kesho yake kwenye rangi nyekundu hapakuwa na kitu. Mvumo tu, kama mvua juu ya miwa.

"Zungusha uende kwenye elfu," mama aliniambia, akaondoa mkono wake kunipisha. Ilikuwa mara ya kwanza kwangu kuushika ule mshale. Nilijua kuhesabu, na namba kubwa iko mbele ya namba ndogo. Nilitoka mia tatu, nikaenda mia nne, mia tano, mia tano hamsini. Kioo kikaisha. Nilizungusha kitufe mpaka kikagoma.

"Elfu iko wapi?"

"Haipo, mama. Imepita kioo."

"Kitu kinapitaje kioo?"

Nilitazama ule ukingo wa kushoto, pale rangi ya dhahabu ya fremu ilipoanzia, na nikaamini kabisa kwamba nyuma yake kuna nchi, na baba amehamishiwa huko pamoja na stesheni yake. Alasiri zote tulipeleka mshale kwenye ukingo na kungoja pale, saa ya majina, mama ameinamisha sikio mpaka hereni inagusa ngozi ya kifuko. Wakati mwingine sauti ilikuja kutoka mbali, ikamfanya anyanyue kidole tunyamaze, kisha ikawa ni mtu anayehubiri kwa lugha ya kwingine.

Aliipeleka redio sokoni Lubao kwa fundi aliyekuwa akitengeneza redio na saa. Fundi aliigeuza, akaipuliza, akasema kwa huruma ya kweli, "Mama, hii redio ni fupi. Inaishia mia tano hamsini. Elfu na mia mbili inataka redio ndefu, zile za matajiri." Na usimcheke. Nusu ya watu wa kwetu waliokuwa na redio za mita walipotewa na stesheni ile wiki ile ile, na wote walisema maneno hayo hayo, kwamba redio zao ni fupi.

Mimi nikaona dawa. Kama mita mia tatu ilikuwa mtoni, na stesheni imekwenda elfu na mia mbili, basi ni suala la waya tu. Nilikusanya waya wa ua, waya wa kufungia mabati, kipande cha waya wa simu kilichodondoka barabarani, nikaviunga na kuvifunga kwenye antena, nikavuta nikiingia ndani ya miwa. Miwa ilinichana masikio. Niliufikisha waya mpaka walipokuwa wakataji, watu weusi kwa masizi, na mmoja akaniuliza, "We kijana, unatega nini?"

"Natega baba," nikasema.

Walicheka, kisha aliyeuliza akaacha kucheka, akanisaidia kuufunga ule waya kwenye mti wa kona. Haukuleta chochote ila mvumo mkubwa zaidi. Na nilipotazama nilikotoka niliona paa letu liko karibu, kwa sababu wakataji wenyewe walikuwa wamekaribia. Shamba lililobaki kati yao na letu lilikuwa moja.

Wakataji walipoingia kwa jirani, wazee walimzika baba, siku ya Jumamosi. Walikata mgomba mnene nyuma ya nyumba ya Kuka, wakaupima kwa urefu wa baba, wakauvika koti lake la Krismasi, wakaufunga blanketi. Maji ya mgomba yalilowesha koti mgongoni, na mimi nilidhani anatoka jasho. Watu walilia kweli. Baba mdogo alilia mpaka akashikiliwa. Mama alisimama ameshika redio begani kwa mkanda wake, imezimwa, na walipompa udongo atupe alisema, "Huo mgomba uzikeni nyinyi mliouzaa." Wanawake wakaguna. Kuka Ingosi akapitisha udongo kwa mwingine. Jioni waliufunga mlango wa nyumba yetu, mama akaonyeshwa chumba nyumbani kwa baba mdogo. Alikwenda bila kelele. Mkataba ulikuwa wake mwenyewe.

Dada yangu Ayuma alikuwa sekondari ya bweni, kidato cha tatu. Walimruhusu aje mazishini, akafika Jumapili kaburi likiwa limeshafunikwa, viatu vyake vya shule vimejaa matope. Alikuwa amelia njia nzima, kwa hiyo hakulia tena. Alitukuta mama na mimi tumekaa jikoni kwa baba mdogo, redio iko katikati yetu.

"Hamkuwahi kusikia jina lake?"

"Stesheni ilitukimbia," mama akasema. "Ilienda elfu na mia mbili. Redio hii ni fupi."

"Elfu na mia mbili nini?"

"Kilohezi," nikasema. Ile namba niliishika yote, na mkia wake.

Ayuma alinitazama, akaitazama redio, akaigeuza kioo kwake. Akaokota kijiti cha muwa, akasawazisha majivu ya jikoni kwa kiganja. Aliandika laki tatu na masifuri yake. Chini yake akaandika elfu moja na mia mbili. Akakata masifuri ya hapa na ya hapa, akagawanya, na mkono wake ukaanza kupunguza mwendo kabla hajamaliza, kama mtu aliyeona nyoka njiani.

"Mia mbili na hamsini," akasema. "Mama. Ni mia mbili na hamsini."

Alishika kitufe na kukizungusha, si kushoto tulikokwenda sisi. Kulia. Aliupitisha mshale kwenye rangi nyekundu ukaenda upana wa kidole changu kimoja, na mtangazaji yule yule, kwa Kiswahili kile kile kisicho na haraka, akajaa jikoni kama aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote akingoja kufunguliwa.

Mama aliweka mkono mdomoni. Ilikuwa alasiri, na walikuwa wanasoma majina. Walisoma kwanza mapya. Halafu mtangazaji akasema anarudia wale waliosomwa zamani ambao jamaa zao hawajatokea, na wa tatu au wa nne, akiwa amekosea kidogo kulitamka, akasoma jina la baba yangu, wa Lubao, Kakamega, fundi. Yuko hospitali ya Tororo. Jamaa zake wamfuate.

Ninachomsifia baba mdogo ni hiki. Mama alipotoka mbio na kumwambia, hakuuliza mara mbili, hakutaja sahihi wala miwa. Alivaa koti huku anakimbia. Siku ya pili yake alishuka kwenye lori la magunia barabarani kwetu akiwa amembeba kaka yake mgongoni, kama mtoto.

Kuka Ingosi na wazee walikuwa wamesimama langoni. Walikuwa wameshika fimbo, lakini si kwa hasira. Walikuwa na hofu, na mzee akiwa na hofu huwa mkali. "Asiingie," Kuka alisema. "Lumbasi, mshushe hapo. Huyo mtu amezikwa."

"Ni kaka yangu! Mshike, ana joto!"

"Najua ni kaka yako. Niliwatahirisha nyote wawili. Akiingia na ana kaburi ndani, nyumba itakuwa na yeye wawili. Tuufukue mgomba kwanza. Na tukiufukua, shimo litabaki wazi. Shimo tupu linaitanga mtu. Litaita nani?" Akageuka akaninyooshea fimbo mimi, mtoto wa kiume wa pekee wa nyumba ile. "Litaanza na huyu."

Baba alikuwa ameketi kwenye majani ya kando ya barabara. Nilimwogopa. Alikuwa mwembamba, mwenye rangi ya kijani chini ya macho, na mimi nilikuwa nimeona kwa macho yangu koti lake likizikwa. Niliamini ni mgomba umetembea chini ya ardhi ukatokea upande wa pili. Tumboni alikuwa na bendeji iliyonuka. Alimtazama mama, akatutazama sisi, akatazama nyuma yetu kile kichuguu kipya cha udongo. Akauliza polepole, kama anayeuliza jambo la kawaida:

"Kwani redio iliharibika?"

"Haikuharibika," mama akasema.

Shimo lilitaka kondoo dume, mweusi mtupu, azikwe badala ya mgomba. Na hapo ndipo sukari ilipotukamata shingo. Zamani ungevuka ua wa jirani ukatoka na kondoo. Sasa walizunguka kijiji kizima, wakapata miwa. Hakukuwa na malisho, kondoo wangekula nini? Ilibidi kungoja siku ya soko la mifugo Lubao. Baba mdogo alitaka kumwingiza kwa nguvu, alisema yeye haogopi shimo. Baba ndiye aliyekataa. "Kama wanasema litaanza na mtoto," alisema, "nitangoja kondoo." Walimjengea kibanda cha majani ya miwa na karatasi ya nailoni kando ya barabara, na mvua ikaanza.

Jioni ya kwanza mama alibeba sahani ya obusuma na mboga akapita katikati ya wazee. "Ukila naye, unakula na maiti," Kuka alimwonya. Mama alipiga magoti kwenye matope, akamega tonge akamlisha, akamega jingine kutoka sahani ile ile akala yeye, akitafuna wazi wazi ili waone. Alilala pale pale.

Asubuhi baba aliniita. Nilisimama ndani ya lango, sikutoka. Hakunilazimisha. Aliomba kamba ya ng'ombe, akanirushia ncha moja. "Ishike, usiitikise. Mimi nitaitikisa." Alitikisa polepole, na kamba ikafanya mgongo mmoja mrefu, kutoka mkononi kwake mpaka kwangu. "Huo ni urefu wa wimbi moja. Huo ndio mita za kwenye kioo." Kisha alitikisa haraka, akiuma meno kwa maumivu ya tumbo, na kamba ikajaa migongo midogo midogo. "Umeona? Kamba ni ile ile, na mwendo ni ule ule. Nikitikisa mara nyingi, kila wimbi linapata nafasi ndogo. Ile elfu na mia mbili waliyotangaza ni idadi ya kutikisa. Namba ya kutikisa ikipanda, mita zinashuka. Chukua laki tatu, ndizo kilomita ambazo wimbi hukimbia kwa sekunde moja, ugawanye kwa kilohezi, unapata mita. Sema."

"Laki tatu, gawanya kwa kilohezi."

"Tena."

Nilisema mpaka hofu ikaniisha, na kabla jua halijawa kali nilikuwa nikimtajia mita za stesheni zote alizonipa. Nilikuwa mwepesi, na sijawahi kuwa mzito tangu siku ile. Mama alikuwa nyuma yake ameshika kichwa chake kisiangukie kwenye matope.

"Na hilo ndilo lilikushinda kuniambia?" akamwuliza.

"Niliposikia wanahama nilikuwa kitandani," baba akasema. "Nikajisemea, ni kidole kimoja tu kulia, watanipata. Nilisahau kwamba hilo nalijua mimi peke yangu. Niliona nikikuwekea rangi inatosha."

"Rangi," mama akasema.

Mke wangu anajua hesabu hiyo. Binti zangu waliijua kabla ya kujua kusuka. Wafanyakazi wangu wote, hata mfagiaji, huwa nawasimamisha na kamba uani na kuwafundisha, na wengine wamenikimbia wakaenda kufungua maduka yao wenyewe kwa ujuzi wangu. Waende. Katika duka langu hakuna kitu chochote chenye alama ya rangi.

Siku ya soko baba mdogo aliondoka kabla ya mapambazuko. Wazee nao walianza kufukua mapema ili shimo lisikae tupu muda mrefu. Mgomba ulitoka umelainika, na koti wakalitandaza juu ya ua likauke, kwa sababu mwenyewe angelihitaji. Baba alikuwa akiyasikia majembe kutoka kibandani. Alimwuliza mama kama wamefika chini, mama akamwambia wamefika. Hakuuliza kingine. Baadaye Ayuma alikwenda kumpelekea uji, nasi tuliokuwa uani tukasikia kikombe kikianguka.

Baba mdogo alitokea kwenye kona ya miwa akimvuta dume la kondoo, jeusi mpaka kwato, hata unyoya mmoja mweupe hakuna. Alikuwa anakimbia nusu, anamvuta kwa kamba na kumsukuma kwa goti, huku akiita, "Nimempata! Kuka, nimempata!" Alipowaona wanawake wamekaa chini barabarani, mikono kichwani, akasimama. Kondoo akasimama pia, akainamisha kichwa akaanza kula majani ya kando.

Mama alikuwa ameketi na kichwa cha baba mapajani, anamfuta tope masikioni kwa ncha ya leso. Hakuinua macho.

"Mulamwa," akasema, "mrudishe huyo sokoni. Shimo limepata mwenyewe."